Kama Marburg haienei kwa hewa, mbona wahudumu wanajifunika mwili mzima?

*"Shikamoo daktari. Naishi Nyegezi, Mwanza, nina watoto watatu na genge la matunda na chapati jirani na stendi. Mabasi ya Bukoba na Biharamulo yanashusha abiria mbele yangu kila siku. Mume wangu ni mfanya usafi kwenye hospitali moja hapa mjini. Tangu ile Marburg ya Kagera sina amani. Kila ukizuka uvumi wa mgonjwa, kwenye grupu letu la WhatsApp watu wanagawanyika: wengine wanasema ugonjwa unasambaa kwa hewa na wakubwa wanaficha, wengine wanasema mpaka uguse damu. Mimi nauliza, kama hauendi kwa hewa, mbona wahudumu wanavaa mpaka huoni hata jicho? Mume wangu anasema mafunzo kwao yalikuwa kuonyeshwa nguo siku moja ukumbini, wafanya usafi wakakaa nyuma. Gambuti hazitoshi. Nimemwambia aache kazi, amekataa. Na mimi nifunge genge? Akirudi jioni watoto wanamkimbilia, nifanyeje?"*

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Genge usifunge. Abiria anayeshuka Nyegezi, akanyoosha mgongo na kununua chapati mbili, hakuletei Marburg kwa kupumua karibu yako. Ugonjwa huu unampata anayemuuguza mgonjwa, anayemwogesha, anayefua shuka zake, anayeosha maiti yake, na anayepiga deki mahali alipotapika. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, ila umeielekeza stendi wakati ilipaswa kwenda kule mume wako anakofanya kazi, kwenye yale mafunzo ya siku moja aliyoyafuatilia akiwa kiti cha nyuma. Hapo mimi pia naogopa, na sehemu kubwa ya jibu langu ni ya hapo.

Tuanze na virusi vyenyewe. Marburg na Ebola ni ndugu wa ukoo mmoja na tabia zao zinafanana sana. Huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo, kisha hukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili ya kwanza. Siku hizo zote mtu hana homa, anakula, anafanya kazi, na hamwambukizi mtu. Homa ikianza, virusi bado ni vichache kwenye damu. Vinazaliana siku hadi siku, vinashambulia ini na mishipa ya damu, na ifikapo siku ya tano au ya sita, kutapika na kuharisha kumemlaza mgonjwa kitandani, na tone la damu yake linabeba virusi visivyohesabika. Akifariki, mwili wake ndio wenye hatari kuliko wakati wowote wa ugonjwa.

Tazama mpangilio huo. Mtu mwenye nguvu za kukwea basi bado hana cha kutosha cha kumpa jirani yake. Aliye hatari ni yule asiyeweza tena kusimama, na huyo hayuko stendi. Yuko chumbani kwake au wodini, kazungukwa na wanaompenda na wanaolipwa kumhudumia. Korona, mafua na kifua kikuu vina njia nyingine kabisa: vinaishi kooni na kwenye mapafu, mtu anavitoa akiongea na akikohoa, na korona huweza kutoka hata kabla mwenyewe hajajua kuwa anaumwa. Nadhani ndiyo maana wengi kwenye grupu lenu wanasema "hewa". Tumetoka kwenye korona, na macho yetu yamezoea ugonjwa wa namna ile.

Usichukue neno langu bure. Mwaka 1995 Ebola ilipiga mji wa Kikwit, nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Watafiti waliwafuatilia watu 173 walioishi nyumba moja na wagonjwa. Waliougua ni 28, na kila mmoja wao alikuwa amemgusa mgonjwa kwa mikono yake. Wengine 78 hawakumgusa alipokuwa anaumwa, ingawa walilala chini ya paa lile lile na kuvuta hewa ile ile. Katika hao 78 hakuugua hata mmoja. Ugonjwa wa hewa hauwezi kuwa na hesabu ya namna hiyo.

Hapa kwetu pia tuna ushahidi. Marburg ilipotangazwa kwa mara ya kwanza nchini, tarehe 21 Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametokea kisiwa cha Goziba. Unajua mwenyewe mtu wa visiwani anavyosafiri: mtumbwi, mwalo, watu wamebanana. Lakini wagonjwa 8 wa mwanzo walikuwa watu wa familia moja pamoja na wahudumu wa afya 2 waliowahudumia. Mpaka mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, walikuwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Mlolongo ulipita kitandani na hospitalini, haukupita majini.

Sasa niwatendee haki na wale wanaosema "hewa", maana si watu wajinga. Mjadala huu umewasumbua hata wataalamu. Mwaka 1989 huko Reston, Marekani, aina moja ya Ebola iliwashambulia kima waliokuwa kwenye vizimba tofauti, na watu wakaanza kujiuliza imepitaje. Aina hiyo haikumfanya binadamu yeyote augue. Mwaka 2012 watafiti nchini Kanada waliweka nguruwe wenye Ebola chumba kimoja na kima ambao hawakuweza kuwagusa, na kima wakaambukizwa. Nguruwe, tofauti na binadamu, Ebola huwapiga zaidi mapafuni, kwa hiyo huitoa kwa kukohoa na kupiga chafya. Ukimnyunyizia mnyama virusi hivi puani maabara, ataugua. Haya yote ni kweli. Lakini swali lako si kama mtu anaweza kulazimisha virusi vipite hewani maabara. Unauliza vinapitaje nyumbani, kwenye basi na sokoni, na milipuko yote tangu miaka ya 1970 imetoa jibu lile lile: kugusa mgonjwa au vitu vilivyolowa majimaji yake.

Basi mbona wahudumu wanajifunika mpaka jicho? Kwa sababu ya wingi, na kwa sababu ya ukaribu. Mgonjwa mmoja mahututi anaweza kuharisha lita kadhaa kwa siku. Anatapika ghafla, anatokwa damu pale sindano ilipotolewa. Mhudumu yuko karibu naye kwa saa nzima, amemwinamia. Tone moja likiruka kwenye jicho linatosha. Na ziko kazi chache, kama kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia au kumvuta makohozi kwa mashine, ambazo hutengeneza vitone vidogo sana vinavyoelea kwa muda. Hapo ndipo barakoa maalumu ya N95 inapohitajika. Mavazi yale yanapimwa kwa kazi ya anayeyavaa. Anayepita barabarani nje ya hospitali hana sababu ya kuyavaa.

Jambo ambalo mafunzo ya ukumbini huwa hayalipi uzito ni kuvua. Mtu ametoka ndani, amechoka, jasho linamwingia machoni, miwani imejaa ukungu, anataka hewa. Nje ya nguo zake pamejaa virusi. Akivuta barakoa kwa glavu chafu, amejipaka usoni kile alichokuwa anakikimbia. Ndiyo maana kuvua kunafanywa polepole, hatua moja baada ya nyingine, mikono ikioshwa kati ya hatua na hatua, huku mwenzake amesimama akimtazama na kumwambia, "Subiri, bado glavu." Mtu mmoja peke yake asivue. Ustadi huu unapatikana kwa kurudia mpaka mikono izoee, na kumtazama mwingine akivua jukwaani hakukupi.

Mwaka 2014 jambo hili lilionekana wazi Dallas, Marekani, penye hospitali yenye kila kifaa. Msafiri kutoka Liberia, Thomas Eric Duncan, alifika idara ya dharura tarehe 25 Septemba akiwa na homa. Alisema ametoka Afrika. Akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Siku tatu baadaye aliletwa na gari la wagonjwa akiwa hoi, na tarehe 8 Oktoba alifariki. Ndugu aliokaa nao kwenye nyumba ndogo siku zote hizo hawakuugua hata mmoja. Walioambukizwa ni wauguzi 2 waliomhudumia siku za mwisho. Mmoja wao alisafiri kwa ndege yenye abiria 132 siku moja kabla ya kulazwa, na hakuna abiria aliyeugua. Wauguzi wote wawili walipona. Kisha tarehe 20 Oktoba mamlaka za afya za Marekani zilibadilisha mwongozo: ngozi isionekane kabisa, mtu afanye mazoezi ya kuvaa na kuvua kabla ya kuingia kwa mgonjwa, na awepo msimamizi wa kumtazama.

Katika kisa hicho mimi huona zaidi zile siku tatu kuliko nguo. Hospitali haishindwi na Marburg kwa kukosa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima. Inashindwa mapokezini, pale mgonjwa mwenye homa anapokaa benchi moja na mama wajawazito, akachomwa dripu na mtu asiye na glavu, akatapika, akaitwa mfanya usafi aje na dekio, na hakuna aliyemuuliza, "Umetoka wapi wiki tatu hizi? Umemuuguza nani? Umezika nani?" Kigali mwaka 2024 ilikuwa hivyo. Mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Septemba, wagonjwa wakafika 66, na takriban asilimia 80 yao walikuwa wahudumu wa afya. Walimhudumia mgonjwa kabla hawajajua anaumwa nini.

Mwanza ina Bugando inayopokea rufaa za kanda ya ziwa, na ina Sekou Toure ya mkoa. Watu wakisema "tumejiandaa" huwa wanazitaja hizo. Lakini mgonjwa wa kwanza hataanzia huko. Ataanzia zahanati, au duka la dawa, au kwa mtu anayetundikia watu dripu nyumbani. Maandalizi yanayookoa ni yale ya mlangoni pa kituo kidogo: maji yanayotoka, sabuni, glavu za kutosha siku ya Jumapili, chumba kimoja chenye mlango na choo chake pa kumweka mgonjwa wa kutiliwa shaka, na namba ya kumpigia msimamizi ambayo mtu anaipokea.

Kuhusu kuficha. Januari 2025 mambo yalikwenda kwa kigugumizi. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu wanaoshukiwa kuugua Marburg Kagera. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kuwa ugonjwa umethibitishwa Biharamulo. Siku hizo chache kati ya kauli na kauli zilitosha kuzaa uvumi unaoendelea mpaka leo, na simlaumu mwananchi aliyepoteza imani. Serikali inapochelewa kusema, grupu la WhatsApp linasema kwa niaba yake. Hata hivyo fahamu kwamba sampuli iliyochukuliwa mapema sana, siku ya kwanza au ya pili ya homa, inaweza kutoonyesha virusi vilivyopo, ndiyo maana hupimwa tena saa 72 zikipita tangu dalili zianze. Jibu la kwanza likipingana na la pili, peke yake hilo si ushahidi wa uongo.

Mlipuko ule ulikwisha tarehe 13 Machi 2025. Walioorodheshwa ni 10: 2 waliothibitishwa na 8 waliohesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa. Wote 10 walifariki. Kigali, kati ya 66 walifariki 15. Sitaki ufanye hesabu ya haraka hapo, kwa sababu Kigali wengi walikuwa wahudumu wenye umri wa kufanya kazi, waligunduliwa mapema, na walipewa dawa zilizo kwenye majaribio. Lakini kufika mapema kunabadilisha matokeo, hilo nalisema bila kusita. Marburg haina bado dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Ile chanjo ya Ervebo mnayoisikia ni ya Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Kinachomvusha mgonjwa ni maji ya mshipani kwa kipimo sahihi, chumvi za mwili, sukari, oksijeni, na muuguzi anayeweza kukaa naye bila kuogopa kwa sababu amelindwa.

Sasa mume wako. Mimi simwambii aache kazi, na sitamlaumu akiacha. Mna watoto watatu na mshahara unaojulikana, na siku nyingi sana za kazi yake hatakutana na Marburg. Atakutana na homa ya ini na kipindupindu, na mafunzo yale yale yanamkinga navyo vyote. Kumtaka atulie tu, hapana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga na mafunzo, na haimtengi mpiga deki. Kama ameajiriwa kupitia kampuni ya usafi, jambo hili ndilo hupotea katikati: hospitali inasema ni wa kampuni, kampuni inasema vifaa ni vya hospitali. Aende na wenzake, si peke yake, wamwone msimamizi wa usafi na anayesimamia udhibiti wa maambukizi, na ikibidi mganga mfawidhi. Waombe kuvaa na kuvua kwa mikono yao mpaka waweze bila kuambiwa. Waombe glavu nene za kazi, maana zile nyembamba za uchunguzi zinachanika kwenye dekio. Waombe gambuti za saizi zao, aproni isiyopitisha maji, na wajue nani anachanganya klorini na kwa kipimo gani. Jik ya asilimia 3.5 inachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji kwa ajili ya sakafu na vitu vilivyochafuka. Ikiwa hata siku moja ataambiwa aingie chumba cha mgonjwa anayeshukiwa bila vitu hivyo, akatae papo hapo na aseme sababu. Akiingia hivyo akaambukizwa, wodi nzima inaingia hatarini nyuma yake.

Akirushiwa majimaji au kuchomwa na sindano, aoshe mahali hapo saa hiyo hiyo kwa maji mengi na sabuni. Jicho lisafishwe kwa maji safi tu. Jik isiguse jicho wala kidonda. Kisha atoe taarifa siku hiyo hiyo, hata kama anaogopa kugombezwa. Atafuatiliwa siku 21, apime joto asubuhi na jioni. Asipokuwa na dalili hawaambukizi ninyi.

Watoto wamkimbilie baba yao. Abadili nguo za kazi huko huko kazini na zifuliwe huko; kama hakuna utaratibu huo, hili nalo ni la kumpelekea msimamizi. Viatu vya wodini visivuke kizingiti chenu. Anawe kwa sabuni kabla ya kutoka na akifika. Sabuni ya kawaida inatosha, maana virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni inauvunja kama inavyoyatoa mafuta ya sangara kwenye sufuria yako. Gengeni weka ndoo ya koki na sabuni, unawe baada ya kushika noti na kabla ya kushika chapati. Hilo litakukinga na kipindupindu zaidi ya Marburg, nacho kinatutembelea mara nyingi zaidi. Embe au papai lililong'atwa na popo litupe. Na kama una ndugu mchimbaji Geita au kwingineko, mwambie asiingie shimo au pango lenye popo wengi, kwa sababu popo wa matunda wa mapangoni ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg. Mlipuko wa Durba, Kongo, wa mwaka 1998 hadi 2000 ulianzia kwa wachimba dhahabu, na ule wa Kigali ulihusishwa na pango la uchimbaji madini.

Mwisho ni homa, na hapa naomba usichanganye. Homa nyingi Mwanza ni malaria au maambukizi mengine ya kawaida. Mtoto akichemka, mpeleke kituoni akapimwe siku hiyo hiyo; kumficha ndani kwa hofu ya Marburg kunaweza kumuua kwa malaria. Lakini kama mwenye homa, katika siku 21 zilizopita, amemuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa homa, kutapika au kutokwa damu, au ameingia pango la popo, au amefanya kazi alipolazwa mgonjwa anayeshukiwa, basi hata kipimo cha malaria kikisoma chanya msitulie. Mwacheni chumba chake peke yake, amhudumie mtu mmoja tu, asipandishwe bodaboda wala daladala, asitundikiwe dripu nyumbani. Pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, mweleze historia hiyo kabla ya dalili, na msubiri gari lenye watu waliovaa inavyotakiwa. Akifia nyumbani kabla hawajafika, msimguse na msimwoshe. Wataalamu watakuja, na mnaweza kuwaomba sala au dua isomwe mkiwa mmesimama kwa umbali. Katika hayo yote, linalosahaulika zaidi ni kueleza historia mapema, kwenye simu. Likisemwa baadaye, baada ya saa mbili benchini, watu watakuwa wamekwisha kumshika.